Kocha na Mhadhiri Wako Hawajuani

Mdogo wangu wa Nchiru, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Uliuandika saa sita kasoro usiku, mwenzako wa chumba akiwa amegeukia ukutani, na wewe umejifunika blanketi hadi kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe. Wiki moja imekuletea mambo matatu. Kocha amekutoa kwenye kikosi cha kwanza kwa kuchelewa mazoezi. CAT ya takwimu imekupita ukiwa ndani ya basi kwenda mechi. Na huyo aliyegeukia ukutani amekuambia kwamba siku hizi unajiona. Sasa unaniuliza uache nini: voliboli, masomo au watu.

Usiache kitu bado. Vuta kiti tuongee. Na wewe kaka wa Embu uliyeniuliza kuhusu jaba, yaani muguka, usiende mbali, zamu yako inakuja.

Tuanze na hesabu, maana najua unaamini kwamba saa hazikutoshi. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, zimeondoka 56. Masomo saba ya saa tatu tatu ni 21. Jisomee saa nyingine 21. Mazoezi, pamoja na kutembea kwenda uwanjani na kurudi kuoga, tuyape 18. Kupika, kufua, kupanga foleni, kuchota maji siku mifereji ikikauka, na kanisa Jumapili, tuseme 22. Jumlisha: 138. Umebakiwa na saa 30.

Umeona? Hujakosa saa. Kilichokupata ni kugongana. Alhamisi moja ilidaiwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba kuna wengine wawili wanaoidai. Kocha wako hajawahi kukutana na mhadhiri wa takwimu. Mhadhiri hajui kwamba unacheza voliboli. Kwake wewe ni namba ya usajili kwenye orodha ya watu mia moja na zaidi. Mwenzako wa chumba anaona tu kitanda kitupu alfajiri na mtu aliyechoka usiku. Chuo kizima kina mtu mmoja tu mwenye habari za wote watatu, na mtu huyo alinyamaza.

Nasema hivi kwa sababu mimi pia nilinyamaza. Nilikimbia mita 800 na 1,500 chuoni, na mwaka wangu wa pili tulisafiri kwenda mashindano siku tatu kabla ya wikendi. Nilikuwa na CAT mbili Ijumaa. Nikajiambia ofisi ya michezo itawaarifu wahadhiri. Ofisi ya michezo nayo ikaamini nimekwisha kuwaarifu. Niliporudi nikakuta sufuri mbili. Mhadhiri mmoja hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinitazama akasema, "Ungeniambia wiki iliyopita ningekupa siku nyingine." Katika vyuo vyetu vingi CAT hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Nililipia ule ukimya hadi siku ya mwisho ya muhula.

Lakini sufuri ile si kitu. Safari hiyo hiyo rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza alifiwa na mama. Nilikuwa nimezima sauti ya makundi yote ya WhatsApp ili nisome njiani. Habari za mazishi zilinipita, na nilipozipata nikaona haya kwa kuchelewa, nikasubiri nipate maneno mazuri ya kumwandikia. Nikasubiri wiki. Kisha mwezi. Tulikaa miaka miwili bila kusemezana, na mimi ndiye niliyekuwa na kosa.

Kwa nini tunanyamaza? Nimelifikiria sana hili, na naona sehemu ya jibu iko katika malezi yetu. Sisi wa huku, uwe umekulia Nkubu, Chogoria au Runyenjes, tumefundishwa kwamba mtoto mwema hamwambii mkubwa "sitaweza". Ukitumwa, unaenda. Ni malezi mazuri, na siombi yabadilike. Ila chuoni unatumwa na wakubwa wawili kwa saa moja ile ile, na kwa kuwa huwezi kumkatalia yeyote, unaitikia wote kisha unamtowekea mmoja. Kutoweka ndiko kukosa adabu kwenyewe. Kocha aliyekusubiri uwanjani hadi jua likatua amevunjiwa heshima zaidi kuliko yule uliyemwendea siku tatu mapema ukamweleza.

Na kuna namna ya kusema. Usimwambie "siwezi kuja". Mwendee na njia ya kutokea mkononi: "Kocha, Alhamisi nina CAT saa kumi jioni. Naomba nifanye zoezi langu alfajiri, na Ijumaa nibaki nusu saa baada ya wenzangu." Hapo hujamkatalia. Umemwonyesha kwamba mazoezi yake umeyabeba moyoni. Makocha wengi ninaowajua huku walikuwa wanafunzi wachezaji wenyewe, na wengine ni walimu. Wanachochukia ni kushtukizwa.

Kwa mhadhiri, nenda ana kwa ana baada ya kipindi, si kwa barua pepe ya saa sita usiku. Wiki ya kwanza ya muhula mnapewa mpangilio wa somo, na mara nyingi wiki za CAT zimeandikwa mle. Chukua mipangilio yako yote saba, chukua ratiba ya mechi kutoka ofisi ya michezo, uziandike tarehe zote kwenye karatasi moja kubwa, ubandike juu ya kitanda. Mahali zinapogongana tia wino mwekundu. Kisha omba ofisi ya michezo ikuandikie barua yenye muhuri kwa kila tarehe nyekundu, utoe nakala, moja ya mhadhiri, moja ya idara, moja yako. Mweleze na kiongozi wa darasa, maana CAT huwa inasogezwa kwa ujumbe wa dakika za mwisho na yeye ndiye wa kwanza kujua. Kama ni mtihani wa mwisho unaogongana na safari rasmi ya chuo, uliza kuhusu mtihani maalumu kabla hujapanda basi. Kanuni zipo, lakini zinahitaji maombi ya maandishi, na zina tarehe ya mwisho. Uliza pia kuhusu mahudhurio. Vyuo vingi humzuia mwanafunzi kufanya mtihani akikosa vipindi kupita kiwango, na safari nne za michezo zinaweza kukufikisha pale bila wewe kujua.

Watakuja watu wakwambie njia mbili zilimshinda fisi. Mimi pia niliambiwa, na shangazi yangu, mbele ya wageni. Nimekuja kuona kwamba fisi yule hakuuliza mtu yeyote nyama iko njia ipi.

Kuna kitu kingine kinachowaumiza vijana wetu: kujilinganisha na mtu asiyefaa. Embu ina historia ya mbio kubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Pale Kigari, juu ya mji, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuna chuo cha ualimu cha St. Mark's. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika iliweka kambi pale kabla ya kwenda mashindano ya dunia. Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu mara 18 mfululizo. Ni enzi za John Ngugi, aliyeshinda mara tano, na Paul Tergat, aliyeshinda mara tano bila kukatiza, 1995 hadi 1999. Hebu fikiria: ubingwa wa dunia ulipikwa katika uwanja wa chuo, mahali ambapo vijana walikuwa wakijifunza kushika chaki.

Naipenda hadithi hiyo, na najua makocha huku huitumia kuwatia watoto moyo. Ila isikudanganye. Wanariadha wale walipofika kambini kazi yao ilikuwa moja. Kulikuwa na mpishi, kulikuwa na kocha, na baada ya mazoezi walilala mchana. Wewe baada ya mazoezi unapika ugali kwa jiko la gesi la kilo sita, kisha unafungua kitabu. Ukijipima kwa mtu wa kambini utajiona mvivu kila siku, na wewe si mvivu.

Jipime kwa mwanafunzi. Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech huko Marekani, akashinda mataji tisa ya vyuo vya nchi ile, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 10,000 mjini London. Kule wanakosoma wenzetu wengi waliopata ufadhili wa riadha kuna kanuni ambayo natamani kila mwanafunzi wa huku aijue: wakati wa msimu, chuo hakiruhusiwi kumfanyisha mwanafunzi mazoezi na mashindano zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa kumwonea huruma mvivu. Walioiweka waliona kwamba bila kikomo michezo humeza kila kitu. Hapa kwetu kuhesabu ni juu yako. Ukiona mazoezi, safari na vikao vya timu vimepita saa 20 wiki tatu mfululizo, mwendee kocha na karatasi yako.

Haya, kaka wa Embu. Umeniambia kwamba kikundi chako cha kusoma hukutana chumbani kwa mmoja wenu, muguka unanunuliwa, mnakesha na past papers, na asubuhi wewe una mechi. Usipotafuna unaonekana huna umoja. Unauliza kama kuna ubaya.

Kwanza niseme hivi: sitamtukana mkulima. Mimi ni wa Meru. Karo nyingi katika nyumba nyingi, kuanzia Igembe kwenye miraa hadi Mbeere kwenye muguka, zimetoka kwenye majani hayo, na huenda hata yako. Hayo ni mambo ya riziki. Ninayoyasema mimi ni ya mwili wa mchezaji na sheria ya mchezo.

Ndani ya majani yale kuna vitu viwili vinavyokupa ile handasi: kathinoni na kathini. Vyote viwili vimo katika orodha ya vichangamshi vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia linalopambana na pufya. Kathini imewekewa kiwango: ikizidi mikrogramu 5 katika kila mililita ya mkojo, umepatikana na kosa. Na kisheria, "wakati wa mashindano" huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia siku ya mashindano. Usijaribu kupiga hesabu ya saa uliyotema majani. Kinachopimwa ni kilichobaki kwenye mkojo wako, na mkojo hauulizi kama ulikuwa unasoma. Tangu Kenya ipitishe sheria yake ya kupambana na pufya mwaka 2016, tuna shirika letu la ADAK, na kijana anayeota jezi ya taifa anapaswa kuishi kama mtu atakayepimwa kesho.

Kuna na hili. Majani yale huondoa usingizi na hamu ya kula kwa pamoja. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga uliyosoma na misuli inapojijenga. Chakula ndicho inachojijengea. Kwa usiku mmoja umejinyima vyote viwili, halafu unaingia uwanjani ukishangaa miguu imekuwa ya mtu mwingine. Nimewaona wenzangu wakisoma usiku kucha kwa handasi na kufika kwenye mtihani wakikumbuka kurasa za mwanzo tu.

Nini ufanye na kikundi? Usikiache. Kama ni watu wema, watakuvumilia. Waambie ukweli mchana, wakiwa hawana jani mdomoni: "Mimi napimwa. Nitakuja saa moja hadi saa nne, nitaleta maswali na chai, kisha naenda kulala." Ukiwa ndiye unayekuja na maswali yaliyopangwa vizuri, hakuna atakayekufukuza. Na wakikufukuza kwa sababu ya muguka, basi kilichowaunganisha hakikuwa kitabu.

Nikiwa hapo hapo kwenye pufya, nimtaje Ferdinand Omanyala, maana hadithi yake ni ya mwanafunzi. Alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi akisomea kemia, akitoka kwenye raga na kuingia mbio fupi. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 baada ya kupatikana na betamethasoni, dawa iliyokuwa katika matibabu aliyopewa kwa maumivu ya mgongo. Alirudi, na tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Kila mtu anakumbuka 9.77. Mimi nakuomba ukumbuke na ile miezi 14. Ukiumwa, iwe ni kliniki ya chuo au duka la dawa kule Makutano, sentensi yako ya kwanza iwe: "Mimi ni mwanamichezo, napimwa." Umeona mambo yanavyorudi pale pale? Daktari naye hamjui kocha wako.

Wasichana, njooni karibu, hili ni letu. Ukiona hedhi yako imepotea miezi mitatu kwa sababu ya mazoezi, usifurahi, na usimwamini mwenzako wa timu anayesema ndiyo dalili ya kuwa fiti. Mara nyingi ni mwili unaokuambia haupati chakula kinachotosha kazi unayoutuma, na mifupa ndiyo hulipa baadaye kwa kupasuka. Nenda kliniki. Kula. Huku kwetu hakuna haja ya poda za kopo: ndengu za Tharaka na Mbeere, njahi, maharagwe, terere, mayai, nduma asubuhi. Na chai, hata iwe imetoka kwenye mashamba yetu wenyewe, usiinywe pamoja na ndengu zako. Hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Ingoje saa moja. Pesa ya HELB ikiingia, nunua nafaka ya mwezi kwanza, viatu baadaye.

Sasa turudi kwa yule aliyegeukia ukutani, kwa maana nahisi ndiye anayekunyima usingizi kuliko CAT na kocha.

Katika miaka yangu ya mbio nilidhani timu inatosha kuwa marafiki. Tulikula pamoja, tukasafiri pamoja, tukavuka Daraja la Nithi usiku tukiimba ili dereva asisinzie. Kisha nikaumia mfupa wa muundi. Wiki tisa. Kila jioni saa kumi na moja wenzangu walikwenda uwanjani, nami nikabaki kitandani nikisikia filimbi kwa mbali. Hawakunitenga, walikuwa na mazoezi tu. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa na mtu hata mmoja chuoni aliyenijua nikiwa nimekaa. Ninakuomba sana, uwe na angalau mtu mmoja asiyejali umeshinda au umeshindwa.

Mtu huyo hahitaji saa nyingi. Anahitaji saa anayoijua. Wengi wenu mnajaribu kufidia wiki tatu za kupotea kwa sherehe moja kubwa ya usiku kucha, na kesho yake mmechoka na urafiki haujapona. Chagueni kitu kidogo kisichohama: kufua pamoja Jumamosi asubuhi, kwenda Gakoromone kununua mboga ya wiki, kupika githeri ya Jumapili itakayoliwa hadi Jumanne. Kwenye ile karatasi ya ukutani, tarehe za kocha ziandike kwa samawati, za masomo kwa nyeusi, na hiyo Jumamosi iwe na rangi yake. Siku ikigongana na mechi, isogeze kwa heshima ile ile unayompa mhadhiri: mapema, na kwa siku nyingine iliyotajwa. Rafiki haandiki sufuri kwenye daftari, lakini naye anahesabu.

Yule wangu aliyefiwa na mama nilimwendea mwishowe. Nilipanda matatu hadi kwao, nikamkuta akipukuchua mahindi. Sikuwa na maneno mazuri niliyoyasubiri kwa miaka miwili. Nilisema, "Nilijua, na sikuja." Akasogea kwenye benchi nikaketi, akanisukumia ungo.

Kwa hiyo wewe, mdogo wangu, usisubiri maneno. Kesho saa nne utakuwa mlangoni kwa mhadhiri, na jioni utafika uwanjani nusu saa kabla ya kocha. Lakini usiku huu, kabla hujalala, andika ujumbe mmoja, umtumie mwenzako wa chumba hata kama yuko hatua mbili kutoka kitandani kwako: "Nimekuwa nikitoka gizani na kurudi gizani na sijakuambia kwa nini. Kocha amenitoa kikosini na nimekosa CAT, na niliona aibu kukwambia. Jumamosi asubuhi sina mazoezi. Tufue pamoja?" Kisha zima simu. Saa kumi na moja si mbali, na Nchiru kuna upepo alfajiri. Acha sweta karibu na mlango.